Sandwichi za Nguruwe na Karai la Mama Zuhura

Nyinyi mnaoingia jikoni sasa, anzeni na mkate. Najua mnataka kuanza na nyama, kwa sababu nyama ndiyo inayonukia na kuita watu mlangoni. Lakini sandwichi mbaya huwa imeharibika kabla moto haujawashwa, na mwenye kuiharibu ni yule aliyenunua mkate wa asubuhi hiyo hiyo, ungali laini, akaukata kwa kisu butu mpaka ukajikunyata. Mkate wa sandwichi uwe wa jana. Ubonyeze kwa vidole viwili. Ukiinuka polepole na kurudi ulivyokuwa, huo ni wako. Ukibaki na shimo, mpe mtu anywee chai.

Mimi nimewapikia watu kwa miaka ishirini na sita. Nilipika katika nyumba za wageni wa kutoka nje hapa Machakos, nikapika hosteli ya wanafunzi, nikamalizia gesti ya kanisa, ambako magoti yangu yaliniambia basi. Kule gesti nilikuwa na sifa ya ukali na sitaikana. Niliwahi kumtoa kijana jikoni kwa kukatia vitunguu na mkate kwa kisu kimoja, akanuna siku nzima, na kesho yake akaja na visu viwili. Lakini katika vyakula vyote nilivyopika, kinachofanya watu wanisimamishe sokoni kuniuliza ni kimoja tu, sandwichi za nguruwe za Kijapani. Na kila nikimweleza mtu, nikifika mahali pa kukaanga huwa nanyamaza kidogo. Hapo pana jambo nililofanya mimi mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na si jambo la kujivunia. Leo sitanyamaza.

Aliyenifundisha alikuwa Mama Emi. Mumewe alikuwa injinia wa maji, Mjapani, aliyekuja miaka ya tisini kujenga mabwawa ya mchanga kwenye mito yetu mikavu. Walipanga nyumba mtaa wa Mumbuni, wao na binti yao Emi wa miaka minne, wakaniajiri niwapikie. Jina la yule mama lilinishinda ulimi, nikamwita Mama Emi kama ninavyomwita mama yeyote mwenye mtoto, naye akaniita Mama Mwende, kwa jina la binti yangu. Kiswahili chake kilikuwa maneno mia mbili hivi, lakini aliyatumia yote kila siku. Mimi nina maelfu na mengi yamelala tu.

Mara ya kwanza aliponiambia anataka chenga za mkate za kupakia nyama, niliona jambo jepesi. Nilianika mkate juani siku mbili, nikautwanga kwenye kinu, nikaupepeta, nikautwanga tena, mpaka ukawa kama unga wa uji wa mtoto. Nilijivunia sana. Mama Emi aliuangalia, akaleta nyama. Tukapaka, tukakaanga, na nyama ikatoka na ganda moja gumu ambalo ungeweza kuligongea mlango. Alikaa mezani akala kipande chake chote. Alipomaliza akafuta mdomo akasema, "Asante. Kesho tena."

Hiyo "kesho tena" niliisikia mara nyingi. Sijapata mwalimu mkali kama yule, na hakuwahi kupandisha sauti hata siku moja. Mtu akikutukana unaweza kumkasirikia, ukaenda nyumbani ukamsema na roho ikatulia. Anayekaa mbele yako akala makosa yako mpaka chembe ya mwisho, huyo utamfanya nini? Unarudi kesho.

Kesho yake alinionyesha. Mkate mweupe, uliokaa wazi siku moja, hauanikwi. Unaukwaruza kwenye kile kibati chenye matundu cha kukwaruzia karoti, upande wa matundu makubwa, kwa mkono mwepesi. Zinatoka chenga pana zenye hewa ndani. Hizo ndizo zinazosimama kwenye mafuta, na mtu akiziuma anasikika chumba cha pili. Na kingo za mkate, zile za kahawia ambazo sandwichi hii haizitaki, zikate zote nne. Nilipomwona akizikata mara ya kwanza niliumwa moyo, mimi niliyelelewa Katelembo ambako mkate ulikuja Krismasi. Kumbe hazitupwi. Zinarudi kwenye kibati, zinakuwa chenga za kesho.

Nyama sasa. Mnataka mgongo, usio na mfupa, wenye utepe wa mafuta upande mmoja. Bucha za nguruwe hapa mjini zamani hizo zilikata kwa shoka. Ungesema mgongo, ungepewa mgongo pamoja na mbavu, kipande cha bega na vipande vya gogo la kukatia. "Mwaitu, nguruwe ni nguruwe," mwenye bucha mmoja aliniambia, akiniita mama kwa Kikamba, kwa heshima kabisa, kana kwamba mimi ndiye niliyepotea. Nikaenda mpaka Athi River nikampata mtu anaitwa Kimeu, aliyekuwa na msumeno na subira. Nikamwambia nataka vipande vya unene wa kidole gumba.

"Ya nani?" akauliza. "Yako ama yangu?" Akaniwekea kidole chake juu ya meza. Kilikuwa kinene kama mpini wa jembe.

"Yangu," nikasema.

"Basi hao wageni wako watalala njaa," akasema, lakini akakata nilivyotaka, na tangu siku hiyo hakukosea.

Nyama ikifika nyumbani, tazama mahali mafuta yanapokutana na nyama. Kuna mshipa mweupe, mgumu. Ukate sehemu nne au tano kwa ncha ya kisu. Usipoukata, utavuta nyama yote ikiingia motoni, itajikunja, na hutaweza kuifunikia mkate. Igongegonge kwa mgongo wa kisu, si kwa hasira, kisha irudishe umbo lake kwa viganja. Chumvi na pilipili manga. Ipitishe kwenye unga wa ngano na uupanguse uliozidi, ipitishe kwenye yai lililopigwa, ilaze kwenye chenga na uibonyeze. Nimesema uibonyeze, sikusema uisugue. Halafu iache ipumzike dakika kumi. Vijana wengi hawawezi hizo dakika kumi.

Kabichi ndipo nilipomshinda mwalimu wangu. Nimekata sukuma wiki tangu nina miaka tisa, nikiikunja mkononi bila ubao, kisu kikipita karibu na kidole bila kukigusa. Mama Emi aliponiona nikikata kabichi hivyo, nyuzi nyembamba kama za kushonea, aliacha alichokuwa akifanya akaenda kumwita mumewe aje aone. Baba Emi akaja na miwani yake, akasimama, akapiga makofi mawili madogo. Basi ikate hivyo, iloweke kwenye maji baridi, kisha ifunge kwenye kitambaa safi uikamue vizuri. Kabichi yenye maji inaua mkate.

Na sosi. Chupa waliyokuja nayo kutoka kwao iliisha mwezi wa tatu, na Nairobi nzima hatukupata nyingine. Nilimwona Mama Emi akiisuuza kwa maji ili apate la mwisho, nikamhurumia. Nikachukua sosi ya nyanya, sosi ya soya, sukari kijiko, kitunguu kilichosagwa, na ukwaju, ule ambao sisi tunauita nthumula na kutilia uji. Nikachemsha mpaka ikawa nzito. Akaonja kwa ncha ya kijiko. Akaonja tena.

"Kesho tena?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Leo."

Siku hiyo nilirudi nyumbani kama niliyeshinda uchaguzi.

Haya, kukaanga. Mafuta yawe mengi, nyama iogelee. Dondosha chenga moja kama mjumbe. Ikizama ikalala chini, mafuta bado. Ikiruka juu na kuwa nyeusi mara moja, umechelewa, teremsha chombo. Ile inayozama nusu, kisha inapanda ikichemka pembeni, hiyo inakwambia leta nyama. Iteremshe ukiielekeza mbali na wewe, na usiigeuzegeuze, mara moja inatosha. Ikiwa tayari utasikia kwa masikio: kelele za mafuta zinapungua na kuwa nyembamba. Itoe uisimamishe kwenye waya. Ukiilaza kwenye karatasi, upande wa chini utalowa na kazi yako yote imekwenda.

Mafuta mengi yanataka chombo kipana chenye kina, na nyumba ile ilikuwa na kisufuria cha kuchukua vipande viwili tu. Lakini ng'ambo ya ua wa miba wa kayaba aliishi Mama Zuhura. Baba yake alikuwa fundi cherehani aliyetoka pwani zamani akaoa hapa, na Mama Zuhura alizaliwa hapa mjini. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alijua matusi ambayo mimi ningehitaji nyanya yangu anifasirie. Kazi yake ilikuwa mahamri na sambusa, za hoteli ndogo za chai na za harusi za Waislamu wenzake. Kila siku saa nne tulikutana kwenye pengo la ua, kila mtu na kikombe chake, tukawasema waume zetu mpaka chai ikaisha. Alikuwa na karai la chuma zito, pana, lililomkaangia miaka mingi, na hakuwa akimwazima mtu. Dada yake mwenyewe aliliomba akanyimwa.

Sasa sikilizeni vizuri. Ilikuwa Ijumaa. Siku iliyofuata Baba Emi angewapeleka wageni sita wa kazi kuona bwawa, na Mama Emi alitaka wabebe sandwichi za chakula cha mchana. Tukapanga thelathini, pamoja na za nyumbani. Kwa kile kisufuria chetu wageni wangezeeka wakingoja. Tena nguruwe hakukuwepo. Kimeu alinitumia salamu kwamba wiki hiyo hakuchinja. Tukakubaliana tutumie kuku.

Nikaenda kwenye pengo. "Mama Zuhura, niazime karai mpaka kesho saa sita. Nakaanga kuku ya wageni. Imechinjwa na mzee wa msikiti pale sokoni."

Aliniangalia kidogo, akaingia ndani, akarudi amelikumbatia karai kwa mikono miwili. "Kesho mchana naanza sambusa za harusi," akasema. "Nirudishie mapema." Sikuamini kwamba amenipa.

Jumamosi saa mbili asubuhi, mafuta yakiwa ndani ya karai na jiko limeshika moto, dereva wa Kimeu akagonga lango. Kimeu alikuwa amepata nguruwe dakika ya mwisho, akaniletea mgongo mzima uliokatwa kwa unene wa kidole gumba changu, vipande vizuri kuliko vyote alivyowahi kunikatia. Mama Emi alifurahi mpaka akamwinua Emi juu. Kuku wakarudi kwenye friji. Tukaanza kupaka unga, yai, chenga.

Nataka niseme hapa polepole. Sikusahau. Nilisimama mbele ya lile karai na kipande cha kwanza mkononi, nikijua ni la nani. Hakuna mtu aliyekulia Machakos asiyejua kwamba nyumba ya Kiislamu haili nguruwe na haitaki chombo chake kimguse. Ningeweza kuyamwaga yale mafuta, nikarudi kwenye kisufuria na kukaanga viwili viwili, wageni wakachelewa saa moja. Lakini nyama ilikuwa nzuri, mafuta yalikuwa tayari, na nilitaka sifa. Nikajiambia nitaliosha kwa maji ya moto na kulisugua kwa waya, mara mbili, litang'aa kuliko lilivyokuja. Nani atajua? Nikatia nyama.

Zilikuwa sandwichi bora kuliko zote nilizopika maishani. Karai zito linashika joto, nyama ikiingia mafuta hayapoi, na ganda linakuwa la rangi moja kote, kama majani ya chai yaliyokolea kwenye maziwa. Hilo linaniudhi mpaka leo. Ningependa kuwaambia kwamba ziliungua.

Kuzifunga: paka siagi vipande vyote viwili vya mkate, mpaka ukingoni, ili maji yasipite. Haradali kidogo upande mmoja. Kabichi, kisha nyama iliyochovywa kwenye sosi pande zote, kisha mkate wa juu. Ziweke mbili mbili, uzilazie ubao wa kukatia juu yake dakika tano zishikane. Kata kwa kisu kikali, na kila ukikata futa kisu kwa kitambaa chenye unyevu. Zipange upande uliokatwa ukiangalia juu, mlaji aione nyama kabla hajaigusa.

Wageni walichukua zao saa nne wakaondoka. Nikatoka kwenda dukani kununua waya wa kusugulia. Niliporudi, karai halikuwa kwenye sinki.

"Karai iko wapi?" nikauliza.

Mama Emi alikuwa anafuta meza. "Nimeosha," akasema. "Nimepeleka kwa Mama Zuhura." Kisha akaongeza, kwa fahari, "Si tupu. Sandwichi sita."

Mimi ndiye niliyemfundisha hilo. Wiki chache nyuma nilimwambia kwamba kwetu ukiazima chombo cha jirani hukirudishi kitupu, unatia chochote, hata mahindi mawili. Alifurahi sana, kwa sababu na kwao walifanya hivyo hivyo. Nilimfundisha kutia. Sikumfundisha ni nini kisichotiwa, na kwa nani. Nikatoka mbio.

Mama Zuhura alikuwa uani, ameketi mkekani na binti zake wawili wakikunja sambusa. Zile sandwichi sita zilikuwa kwenye sinia, zimefunikwa kitambaa. Nilizihesabu kwa macho hata kabla sijamsalimu. Zilikuwa sita.

"Huyo Mjapani wako anajua ujirani kukushinda," akasema. "Ona alichotuletea. Tunangoja Ali atoke chuoni tukule pamoja."

Ali alikuwa kitindamimba wake, alikuwa amekwenda chuo cha Kurani. Kwa sababu ya kumngoja yeye, hakuna aliyekuwa ameonja. Na mimi nikafungua mdomo ukatoka uongo ambao sikuwa nimeupanga.

"Msikule. Mayai ilikuwa imeharibika. Nimekuja kuzichukua."

"Zote?" akauliza Zuhura, binti mkubwa, ambaye bila shaka alikuwa amechungulia chini ya kitambaa.

"Zote."

Mama Zuhura akacheka akaninyooshea sinia. "Afadhali umekimbia," akasema. "Ningekuwa na wagonjwa siku ya harusi."

Nikalichukua nikaelekea kwenye pengo. Moyo ulianza kutulia. Watoto hawakula, aibu imefunikwa, Mama Emi hakuhitaji kujua. Nilikuwa nimeshainama kupita kati ya miba niliposikia nyuma yangu kisu kikitoboa debe la mafuta. Nikageuka. Karai lilikuwa juu ya jiko, kavu, linangoja. Sambusa mia tatu za harusi zilikuwa zinaingia mle ndani, na watu ambao hawakunikosea chochote walikuwa watazila wakimshukuru Mungu, na yeye mwenyewe angeonja ya kwanza kama alivyofanya siku zote.

"Mama Zuhura," nikasema, "usimwage hiyo mafuta."

Akaniangalia, debe mkononi.

"Si mayai. Hiyo nyama ni ya nguruwe. Na niliikaanga kwa hiyo karai."

Wasichana waliacha kukunja. Mama Zuhura akaweka debe chini taratibu, asimwage hata tone.

"Uliniambia kuku."

"Ilikuwa kuku. Asubuhi nguruwe ikaletwa."

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Ulisahau karai ni yangu?"

Alikuwa ananifungulia mlango nitoke. Nilijua, na naye alijua kwamba ninajua. Ningesema ndiyo tu, na tungeendelea kunywa chai.

"Sikusahau," nikasema.

Akasema astaghfirullah, polepole, si kwangu. Akalishusha karai kwa kitambaa akalipeleka kwenye sakafu ya bombani. Akamtuma Zuhura alete udongo safi, kama dini yake inavyoagiza, akaniambia mimi nichote maji. Nikachota. Aliosha kwa mikono yake mwenyewe, mara ya kwanza kwa udongo, kisha mara sita kwa maji, akihesabu kwa sauti, mimi nikimwagia. Alipofika saba akaliegemeza karai ukutani, akajifuta mikono, akaniangalia usoni.

"Kama hungesema," akasema, "mimi singekuwa na makosa. Singejua. Makosa ingekuwa yako peke yako. Kwa hivyo usifikirie umeniokoa mimi."

"Najua."

"Sasa nenda nyumbani, Mama Mwende."

Nilimweleza Mama Emi kwa maneno yale machache tuliyokuwa nayo. Alielewa haraka kuliko nilivyotaka. Akakaa, akashika kichwa. Nikamwambia kosa ni langu, nikarudia mara nyingi, lakini alivaa viatu akaenda peke yake, akavivua kwenye pengo, akaingia uani akiwa na soksi. Alitaka kumnunulia Mama Zuhura karai jipya. Akarudi akasema Mama Zuhura amekataa, na akanitolea maneno yake neno kwa neno, kwa sauti yake ndogo: "Imeoshwa. Kitu ikishaoshwa, imeoshwa." Halafu akasema alipewa chai.

Karai lilisamehewa siku ile ile, na sambusa za harusi zikakaangwa humo. Mimi sikusamehewa. Kwa zaidi ya miezi miwili saa nne ilifika nikasimama na kikombe changu kwenye pengo, na ng'ambo hakukuwa na mtu. Tukikutana njiani alisema "Habari," nami "Nzuri," na kila mtu akashika yake. Niliumia. Nilikuwa na ndugu wengi na watu wa kanisa, lakini hakuna aliyejua kunicheka kama yeye. Nilikonda mpaka Kimeu akauliza kama wageni wangu wanakula na chakula changu.

Tangu hapo, kila jiko nililoingia nilitaka makarai mawili, la nguruwe likiwa na mpini uliopakwa rangi nyekundu. Vijana wa gesti walicheka wakasema Mama Mwende ana karai la zimamoto. Wacheke. Na ukimfundisha mgeni desturi yako, mfundishe na mipaka yake siku hiyo hiyo. Hayo ndiyo mawili niliyoyapata. Mengine ya usafi mtafundishwa shuleni.

Mwisho wa mwaka ule Mwende alifaulu mtihani wa darasa la nane akapata nafasi sekondari. Nikawaita watu nyumbani, akina mama wa kanisa na majirani. Kuku walichinjwa na yule mzee wa msikiti, nikawaandaa kwa chenga kama nilivyofundishwa, nikawakaanga kwenye karai jipya ambalo halijawahi kuguswa na kitu. Mama Emi alikuja kunisaidia kukata. Nilikuwa nimemtuma Mwende kwa Mama Zuhura kutoa mwaliko, na nilijua hautapokelewa.

Mama Zuhura aliingia watu wakiwa wameshakaa, amevaa buibui lake zuri, amemshika Ali mkono. Akasalimia, akatafuta nafasi kati ya akina mama wa kanisa, akakaa. Mumbuni haina kifuniko. Kila mtu pale alikuwa ameshasikia habari ya karai. Nikabeba sinia la sandwichi nikaanza upande mwingine, kwa woga, nikazunguka mpaka nikafika mbele yake.

"Mama Zuhura," nikaanza, "hii ni kuku. Imechinjwa na mzee wa msikiti, unaweza kumuuliza, na karai ni mpya, hata haijawahi—"

Alikuwa ameshachukua moja ameshaiuma. Kabichi ikamwangukia mapajani. Akatafuna bila haraka, akameza.

"Mama Mwende," akasema, "nimekuuliza?"

Akachukua nyingine, akampa Ali.